Skani ya ayodini kwa aliyetolewa saratani ya thairoidi: mwongozo kamili, kuanzia chumvi ya jikoni mpaka kusoma ripoti

Mama alitolewa tezi yote ya thairoidi, ile inayokaa mbele ya koo, majibu ya nyama yakarudi saratani aina ya papilari. Akanywa dozi yake ya ayodini ya mionzi, akapewa vidonge vya kunywa maisha yote, tukajua tumemaliza. Baadaye kipimo chake cha damu kikaanza kupanda, tukaandikiwa skani ya mwili mzima, ripoti ikasema hamna kitu, shangazi akapika pilau la kushukuru.

Kumbe ile skani isingeweza kuona chochote. Wiki tatu kabla yake mama alipigwa CT ya shingo, ile picha ya kompyuta ya mionzi, na akachomwa ile dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, na dawa ile imejaa ayodini. Hospitali tuliyoanzia hamna aliyeuliza na sisi hatukujua kama hilo ni jambo la kusema. Skani iliporudiwa baada ya miezi mitatu, safari hii ikiwa imeandaliwa vizuri, mitoki ya ndani ya kifua iliwaka. Ilikuwepo muda wote.

Ndo maana naandika haya. Mimi si daktari, ni mtoto niliyemsindikiza mama kila hatua na kuuliza mpaka wauguzi wakanizoea. Dozi na tarehe zako utapewa na daktari wako, mi nataka uende ukijua cha kuuliza.

Kwanza elewa kinachotafutwa

Seli za thairoidi zina tabia moja, zinanyonya ayodini kutoka kwenye damu. Ayodini ndo haya haya madini joto tunayoambiwa kliniki tuyapate kwenye chumvi. Saratani ya papilari na ya folikula inatokana na seli hizo na mara nyingi inabaki na tabia hiyo hata ikihamia kwenye mitoki, mapafu au mifupa. Kwa hiyo mgonjwa anapewa ayodini yenye mionzi kidogo, seli zinainyonya, halafu gama kamera inasoma mionzi inatokea wapi. CT na ultrasaundi zinaangalia umbo, hii inaangalia seli inafanya kazi gani. Ndo maana kuna wagonjwa ambao eksirei ya kifua iko safi kabisa lakini skani ya ayodini inaonyesha mapafu yote mawili yamewaka, kwa sababu vivimbe ni vidogo mno kuonekana kwa umbo.

Si jambo jipya. Mwaka 1941 huko Boston Dk. Saul Hertz alianza kutibu wagonjwa wa thairoidi iliyozidi kasi kwa ayodini ya mionzi, na mwaka 1946 madaktari wa New York wakiongozwa na Samuel Seidlin wakaandika habari za mgonjwa aliyekwisha kutolewa tezi miaka ya nyuma lakini bado homoni zake ziko juu, kumbe zilikuwa zinatengenezwa na saratani iliyosambaa mwilini, na vivimbe vile vikanyonya ayodini.

Angalia kwanza ripoti yako ya nyama inasema aina gani. Kama ni medula, skani hii haikuhusu kabisa, maana medula inatoka kwenye seli nyingine zisizonyonya ayodini. Medula inafuatiliwa kwa vipimo vya damu vya kalsitonini na CEA, na ikitafutwa kwa nyuklia, yaani kwa dawa zenye mionzi kama hii ya ayodini, wanatumia skani inayoitwa PET, mfano ya galiamu 68. Anaplastiki, aina nyingine ya saratani ya thairoidi, nayo kwa kawaida hainyonyi. Ukiona mtu wa medula ameandikiwa skani ya ayodini, uliza kwa heshima lakini uliza.

Hatua ya 1: damu na ultrasaundi kabla ya mashine

Kuna kipimo kinaitwa thairoglobulini, wanaandika Tg. Ni protini inayotengenezwa na seli za thairoidi peke yake, kwa hiyo mtu aliyetolewa tezi yote na kunywa ayodini anatakiwa awe nayo kidogo sana au isionekane. Ikianza kupanda kila ukipima, kuna seli mahali. Hakikisha wanapima pamoja na kingamwili zake, yaani antibodi za Tg, kwa sababu karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne wa saratani hizi anazo, na zikiwepo zinaweza kuficha Tg ikasomeka ndogo wakati si ndogo. Pima maabara ile ile kila mara, maana mashine tofauti zinatoa namba tofauti na utapata presha bure.

Ultrasaundi ya shingo inakuja kabla ya nyuklia, kwa sababu papilari inapenda kurudi kwenye mitoki ya shingoni na ultrasaundi inaiona vizuri na sindano inaweza kuchukua sampuli pale pale. Mtu ambaye saratani yake ilikuwa ya hatari ndogo, Tg haionekani na shingo iko safi, mara nyingi hahitaji kurudiarudia skani ya ayodini. Usiilazimishe kwa sababu jirani amepigwa.

Hatua ya 2: hesabu ayodini iliyoingia mwilini miezi ya karibuni

Hapa ndo tulipoangukia sisi. Mwili ukiwa umejaa ayodini ya kawaida, seli zimeshashiba, ile ya mionzi ikija haina pa kuingia, picha inatoka safi hata kama ugonjwa upo. Kaa na daftari uandike haya yote kabla ya kwenda:

- CT yoyote uliyochomwa dawa mshipani, au picha za mishipa ya moyo. Kwa kawaida wanataka ipite miezi miwili hivi.
- Amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo. Hii inakaa mwilini miezi mingi sana. Usiiache mwenyewe, mwambie daktari wa moyo na wa nyuklia wazungumze.
- Betadine na dawa zote za kahawia za kusafishia vidonda, hata ya kusukutua mdomo.
- Maltivitamini, dawa za lishe, na mwani. Kwa ndugu zangu wa Zanzibar naomba mkae makini, maana saa hizi mwani uko kwenye unga, kwenye juisi, kwenye sabuni na vipodozi, na mwani ni moja ya vitu vyenye ayodini nyingi kuliko karibu chakula chochote.

Ukiwa na wasiwasi uliza kama wanaweza kupima ayodini kwenye mkojo. Mama alipimwa kabla ya skani ya pili na ndo ikatupa moyo wa kuendelea.

Hatua ya 3: kupandisha TSH

Seli zinanyonya ayodini vizuri zikisukumwa na homoni ya TSH inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Vidonge vya levothairoksini unavyokunywa kila asubuhi vinaishusha TSH makusudi, kwa hiyo kabla ya skani lazima ipandishwe, lengo la kawaida ni ivuke 30. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni kuacha vidonge wiki tatu mpaka nne. Wengine wanahamishiwa kwanza kwenye liothaironi, inayoisha mwilini haraka, halafu inaachwa wiki mbili za mwisho. Njia hii haina gharama ila inatesa. Mama wiki ya tatu alikuwa anavaa sweta Dar es Salaam mchana, uso umevimba, choo kigumu, sauti nzito, anasahau sufuria jikoni. Waambieni watu wa nyumbani mapema ili wasidhani mgonjwa amekuwa mvivu au anakufa. Asiendeshe gari wala bodaboda kipindi hicho, akili na mikono vinachelewa. Na mtu mwenye moyo mbovu au aliyewahi kuugua sonona aseme kabla, njia hii inaweza isimfae.

Ya pili ni sindano ya TSH ya kutengenezwa, Thyrogen, miligramu 0.9 kwenye msuli siku mbili mfululizo, ayodini siku ya tatu, skani na damu ya Tg siku ya tano. Vidonge huachi. Ni nzuri kweli ila bei yake ni kubwa na kwetu huku haipatikani kirahisi, kwa hiyo uliza kama bima inagusa kabla hujaweka matumaini.

Njia yoyote mtakayoipata, siku ya kunywa ayodini hakikisha TSH imepimwa na umeiona namba. Kama haijafika, bora kusogeza siku kuliko kupiga picha isiyosema kitu.

Hatua ya 4: chakula cha ayodini ndogo, wiki moja mpaka mbili

Lengo ni chini ya mikrogramu 50 kwa siku. Orodha tuliyopewa sisi ilikuwa imenakiliwa kutoka ng'ambo, ina vyakula ambavyo mama hajawahi kuviona, nikakaa nikaitafsiri kwa jiko letu.

Adui wa kwanza ni chumvi. Pakiti za dukani zimeandikwa chumvi yenye madini joto, na ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kuepukwa. Kumbuka kinachokatazwa ni ayodini, chumvi yenyewe haijakatazwa. Wazee wanaoacha chumvi kabisa huku vidonge wameacha wanaweza kushuka sodiamu, wakachanganyikiwa, wakalazwa. Waulize hospitali wanakubali chumvi ipi isiyoongezwa madini joto, ninyi pikeni na hiyo.

Sasa hesabu kila mahali chumvi ya kawaida inapojificha: mkate wa dukani, chipsi za barabarani, karanga za pakiti, mchuzi miksi na viungo vya kuonjesha, soseji, nyanya za kopo, achari, supu ya mgahawani. Ndo maana kwa wiki hizi mbili kula kwa watu haiwezekani, hata msibani beba chakula chako.

Adui wa pili ni bahari. Samaki wa baharini, pweza, ngisi, kamba, kaa, vyote pembeni. Samaki wa maziwa na mito hana ayodini nyingi lakini dagaa na samaki wakavu mara nyingi wametiwa chumvi na hujui ipi, mama aliacha.

Adui wa tatu ni maziwa na vyote vya maziwa, mtindi, siagi, chai ya maziwa, na kiini cha yai. Chai ya maziwa ndo ilimuuma mama kuliko vyote. Tukamtengenezea chai ya rangi yenye tangawizi na mdalasini.

Anachokula basi ni hivi: ugali, wali, viazi vitamu, viazi mviringo, ndizi za kupika, maharage na choroko zilizochemshwa nyumbani, mchicha, matembele, kabichi, nyama mbichi ya ng'ombe au kuku kwa kiasi, mafuta ya alizeti, matunda, asali, chapati za nyumbani zisizo na maziwa wala siagi. Njaa hamna, ni kazi ya kupika tu. Dawa za maji zenye rangi nyekundu na pipi nyekundu ziacheni pia, rangi moja inayotumika kuzitia wekundu imetengenezwa na ayodini.

Hatua ya 5: mimba na kunyonyesha

Hapa hakuna mjadala. Ayodini ya mionzi haipewi mwenye mimba, thairoidi ya mtoto aliye tumboni itainyonya. Kipimo cha mimba kifanyike hata kama una uhakika. Anayenyonyesha anatakiwa aache wiki kadhaa kabla, sita au zaidi, ili matiti yasikusanye mionzi, na mtoto yule harudishwi tena kwenye ziwa. Zungumzeni mapema nyumbani, isiwe taarifa ya asubuhi ile mlangoni. Baada ya dozi ya tiba wanawake wengi wanaambiwa wasubiri miezi sita mpaka mwaka kabla ya kubeba mimba.

Hatua ya 6: dozi na picha

Kwa Tanzania huduma hii inajulikana zaidi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar. Beba ripoti ya upasuaji, majibu ya nyama, Tg zote za nyuma, na CD au filamu za picha za zamani, maana anayesoma skani bila historia anakisia.

Dozi ni kidonge au maji unayomeza, haina ladha ya kutisha. Ziko ayodini mbili. Ayodini 131 nusu ya nguvu yake inaisha kila baada ya siku nane, picha inapigwa siku ya pili au ya tatu. Dozi ya kutafuta tu huwa ndogo, milikyuri (kipimo cha mionzi) 2 mpaka 5, kwa sababu ikizidi inaweza kuzichosha seli na tiba itakayofuata isinyonywe vizuri. Ayodini 123 inaisha nusu kwa saa 13 hivi, picha yake kali zaidi na inapigwa kesho yake, ila kwa sababu inakufa haraka kuisafirisha ni shida na huku kwetu utakutana zaidi na 131.

Mgonjwa anayepewa dozi ya tiba, kuanzia milikyuri 30 mpaka 200, naye anapigwa picha siku chache baadaye, na hiyo picha ya baada ya tiba usiikose kamwe. Dozi ikiwa kubwa inaonyesha vitu ambavyo ile ndogo haikuonyesha.

Siku ya picha oga vizuri, osha nywele, vaa nguo safi ambazo hukuwa nazo jana. Si usafi wa kupendeza, ayodini inatoka kwenye mate, jasho na mkojo, na tone la mkojo kwenye nguo linaweza kuonekana kama doa la mfupa wa nyonga. Acha leso nje. Kunywa maji kusafisha koo, kojoa kabla ya kupanda kitandani, na kama choo hakijatoka siku mbili sema. Unalala chali, kamera inapita juu na chini yako, nusu saa mpaka saa nzima. Haipigi kelele. Kama wana SPECT/CT omba waitumie kwenye sehemu yenye doa, inaunganisha mionzi na picha ya umbo, na hapo ndo wanajua kama doa liko kwenye mtoki, mfupa au ni mate tu yamekwama kooni.

Hatua ya 7: kurudi nyumbani

Kwa dozi ndogo ya kutafuta masharti ni mepesi. Kwa dozi ya tiba utapewa siku maalumu za kukaa mbali, zifuate hizo za kwenu kwa sababu zinategemea dozi. Kwa ujumla lala peke yako, kaa mita moja au mbili na watu, watoto wadogo na wajawazito wasikukumbatie, kaa chini kukojoa hata wanaume, vuta maji mara mbili, sahani na taulo vyako peke yako, kunywa maji mengi. Wa choo cha nje mimina maji ya kutosha na nawa sana. Usirudi kwa daladala iliyojaa wala basi la mkoani la masaa kumi, tafuta usafiri utakaokaa nyuma peke yako. Ukisafiri kwa ndege wiki zinazofuata omba barua, vipima mionzi vya viwanja vya ndege vinaweza kulia kwa ajili yako.

Hatua ya 8: kusoma ripoti bila kufa presha

Madoa mengi ni ya kawaida. Tezi za mate, pua, tumbo, utumbo na kibofu vinawaka kwa kila mtu. Ini linaweza kuwaka baada ya tiba. Matiti pia wakati mwingine. Doa dogo pale tezi ilipokuwa mara nyingi ni mabaki ya tezi ya kawaida aliyoyaacha daktari wa upasuaji kulinda mishipa ya sauti. Vinavyotakiwa maswali ni madoa ya pembeni ya shingo, katikati ya kifua, mapafuni na kwenye mifupa.

Sasa soma ripoti kwa macho manne: picha inasema nini, Tg ya siku hizo ilikuwa ngapi, TSH ilifika wapi, na kingamwili zipo au hazipo. Picha safi, TSH juu ya 30, Tg haionekani, kingamwili hamna, hiyo ni furaha ya kweli, pikeni pilau. Picha safi na Tg iko juu, hapo hamjapata jibu bado. Ripoti ya kwanza ya mama ilikuwa ukurasa mmoja, "hakuna ushahidi wa ugonjwa", wakati karatasi ya damu iliyobanwa nyuma yake ilikuwa na Tg ya 38. Hatukuigeuza.

Hatua ya 9: skani safi, Tg juu

Kwanza rudi hatua ya 2, 3 na 4 uulize kama maandalizi yalikuwa sawa. Kwa mama jibu lilikuwa pale. Kama maandalizi yalikuwa sawa, kuna uwezekano seli zimebadilika zikaacha kunyonya ayodini. Seli za hivyo mara nyingi zinakula sukari kwa pupa, na hapo ndo inaingia PET ya FDG, sukari yenye floriini 18. Madaktari wengi wanaifikiria pale Tg iliyopimwa TSH ikiwa imepandishwa inapovuka 10. Mzee mmoja tuliyekaa naye foleni, skani zake mbili za ayodini safi, Tg inapanda, alikwenda Nairobi, PET ikaonyesha mitoki miwili nyuma ya shingo na ikatolewa kwa kisu. Nairobi wanayo Aga Khan tangu 2018 na pia hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Kwa PET unafunga saa nne mpaka sita, maji tu, hufanyi mazoezi jana yake, na mwenye kisukari apange dawa zake na daktari kwa sababu sukari ikiwa juu picha inaharibika. Baada ya sindano unakaa kimya kama saa moja, usitafune wala kuongea sana, misuli ya shingo ikifanya kazi nayo inawaka. PET ikiwaka sana si habari nyepesi, inaweza kumaanisha ugonjwa una kasi zaidi, lakini inawaambia madaktari wasimpe mtu ayodini nyingine kubwa isiyonyonywa, wafikirie upasuaji, mionzi ya nje au vidonge vingine.

Jambo la mwisho kabla hamjaondoka hospitali, uliza vidonge vinarudi lini na kwa dozi gani, iandikwe. Mama alirudishiwa vyake siku chache baada ya ayodini, wiki ya tatu akaanza kuimba jikoni, na tarehe ya Tg inayofuata tumeibandika kwenye mlango wa friji pamoja na maandishi makubwa: CT YA DAWA HAPANA, ULIZA KWANZA.